Jina Lisilo na Mfu

Mjukuu wangu alizaliwa Kitale, wiki ile mvua ilipoanza kushika na watu wako mbioni kupanda mahindi. Mimi nilikuwa nyumbani upande wa Sirisia, jembe mkononi, mwanangu aliponipigia simu. Alisema ni msichana. Nilipiga kigelegele mpaka jirani akaja ukingoni mwa shamba kuuliza kuna nini. Halafu mwanangu akasema, "Na tumeshampatia jina, mama," akalitaja.

Sitaliandika hapa. Ni jina la msichana wa katuni, kutoka filamu ya ile studio kubwa ya Hollywood ambayo watoto wa chekechea wanaijua kabla hawajajua kaunti yao. Nilidhani ni network inasumbua. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Nilikasirika, na ninaandika bado nikiwa nimekasirika. Kama ni haki kukasirika hivi, sina hakika. Shule niliachia darasa la saba, na pengine mtu aliyesoma zaidi angeliona jambo hili vingine. Lakini nitaeleza yote, hata yale yanayonipinga.

Mama yangu alikufa mwaka jana. Kwetu, mtu akiondoka na mtoto akazaliwa, jina linarudi nyumbani. Kusema ukweli, ukoo wa marehemu mume wangu ungeweza kudai jina lao kwanza, maana mtoto ni wao. Hawakudai. Na mama ndiye aliyemlea huyu mwanangu miaka ile nilipokuwa nafanya kazi za nyumba kwa watu mjini Bungoma. Alimbeba mgongoni mpaka mtoni na kurudi. Kwa hiyo mimi sikuwa nangoja kuulizwa. Nilikuwa nangoja tu kuambiwa mama amefika.

Nilimpigia dada yangu mkubwa, anayekaa Bungoma mjini.

"Ati nani?" akauliza. "Hilo ni jina ama ni sabuni?"

"Ni la katuni."

"Katuni! Na mama yetu ameenda wapi?" Hakungoja nijibu. "Panda gari uende Kitale. Na usirudi bila mama."

Basi nilienda. Mke wa mwanangu alinipokea vizuri, lazima niseme. Ilikuwa siku yake ya nne tangu atoke hospitali na hawezi kuketi sawasawa, lakini aliniandalia chai mwenyewe, akaniwekea mtoto mapajani kabla sijafungua mkoba. Yeye anafundisha chekechea. Ni mtu wa maneno machache na mgongo ulionyooka. Karatasi ya hospitali ilikuwa imeandikwa "mtoto wa kike" tu, bila jina. Maombi ya cheti cha kuzaliwa yalikuwa bado kwenye simu yake, hayajatumwa. Nikajua nafasi ipo.

Siku ya pili nikamwambia kwamba jina la katuni ni aibu.

"Mama, umewahi kuziona hizo filamu?"

"Sijaziona."

"Sasa unachukiaje kitu hujakiona?"

Alinipata. Mtu akinipata hivyo huwa siwezi kujifanya sijasikia. Nikamwambia mwanangu aniletee filamu za hiyo studio, kuanzia za zamani kabisa mpaka hizi za juzi. Alicheka, halafu akaona sicheki. Jioni alirudi na flash iliyojazwa mjini, na moja kati ya hizo ilikuwa inaeleza historia ya studio yenyewe. Nikanunua daftari.

Wiki mbili, kila alasiri mtoto akilala, nilikaa mbele ya televisheni. Mvua ya Kitale ilipiga mabati mpaka nikalazimika kuongeza sauti. Mke wa mwanangu akipita na beseni la nepi ananitupia neno. "Mwanafunzi wetu anaendeleaje? Kesho tukuandikishe Chuo Kikuu cha Kibabii, usomee digrii ya katuni."

"Nitaisomea," nikamwambia, "halafu nikurudie."

Haya ndiyo niliyoandika. Studio ile ilianza katika chumba kidogo nyuma ya ofisi ya watu wengine. Walipotaka kutengeneza filamu ndefu ya kwanza, watu waliwacheka: mtu mzima gani atakaa zaidi ya saa nzima akitazama michoro? Watu walikaa, wakalia. Kila kitu kilichorwa kwa mkono. Mtu akiinua kikombe, hiyo ni michoro mingi. Baadaye kukaja mashine ya kunakili mistari, baadaye tena kompyuta, na siku hizi wanachukua filamu zao za kale na kuzirudia kwa watu halisi, kama mtu anayepasha githeri ya jana. Kuna wakati wachoraji waligoma, wakasimama langoni na mabango. Hilo sikulitegemea. Nilidhani mahali pa katuni watu wanacheka tu.

Nitasema pia kilicho kizuri. Kuna filamu moja ya zamani ambayo mvua inaanza kunyesha msituni, tone moja, halafu tone lingine, jani linainama. Mimi ni mkulima. Mvua ile ilichorwa na mtu aliyewahi kunyeshewa. Niliirudia mara tatu.

Lakini kulikuwa na wanawake. Kwenye ile filamu ya historia walionyeshwa wameketi kwa safu, nadhifu, kila mmoja na brashi, wakipaka rangi kwenye karatasi za plastiki. Wale wasichana wazuri wa katuni, mashavu yao yalipakwa na hawa. Kuchora hadithi yenyewe ilikuwa kazi ya wanaume; wanawake walipewa rangi. Nikarudi kwenye filamu za zamani, nikasimamisha pale mwanzo majina yanapopita, nikatafuta. Majina yalikuwa machache na sikuwaona. Labda nilikosea, maandishi yanaenda haraka na macho yangu yana miaka. Lakini sikuwaona.

Na kulikuwa na akina mama. Yaani hawakuwako. Nilichora mstari katikati ya ukurasa: upande huu filamu zenye mama hai, upande ule zenye mama aliyekufa au asiyetajwa kabisa. Mmoja anapigwa risasi. Mwingine anaugua. Mwingine hatuambiwi hata alikufaje, filamu inaanza na yeye hayuko, kama vile watoto huota kama uyoga. Upande wa wafu ulijaa kwanza. Ni kweli baba pia wanakufa mle, na ni kweli katika hizi mpya mpya wapo mama wanaoongea mpaka mwisho. Nimeyaandika hayo pia. Lakini daftari lilipojaa, hasira yangu ilikuwa imepata miguu.

Nikamwita mke wa mwanangu akae. Nikafungua daftari.

"Sasa nimeona," nikasema. "Hawa watu wanaua mama wa mtoto ndiyo hadithi ianze. Na nyinyi mnachukua jina kwao, mnaliweka pale ambapo mama yangu alipaswa kuwa. Wamemuua na wangu."

Nilikuwa nimepanga sentensi hiyo siku mbili. Nilifikiri atajibu. Alitazama lile daftari, ule mstari wangu katikati, akapitisha kidole kwenye upande uliojaa.

"Mimi niliziona hizi zote nikiwa home ya watoto, huko mji wa Kwanza, si mbali na hapa Kitale," akasema. "Unajua nililelewa huko."

Nilijua alikuwa yatima. Nilidhani yatima kama yatima wengine, mwenye kaburi mahali.

"Niliokotwa sokoni nikiwa sijajua kuongea. Hakuna mtu alijua mama yangu ni nani. Shuleni kila fomu: jina la mama? Kila mwalimu mpya: jina la mama? Jumamosi tulikuwa tunawekewa katuni. Wasichana wote mle hawana mama, na hakuna mtu anawauliza aliitwa nani. Stori inaanza tu, na msichana ako sawa." Akalifunga daftari, akanirudishia. "Nikimpatia mtoto jina la mama yako, kila siku akiitwa atakuwa na mfu wa upande mmoja. Upande wangu utakaa wazi hivyo. Siwezi kuleta jina la mama yangu kwa sababu sina. Kwa hiyo nataka jina lisilo na mfu yeyote."

Mwanangu alikuwa mlangoni. Alikuwa amelijua hili tangu aoe, na alikuwa ameniacha nikae wiki mbili nikihesabu mama waliokufa mbele ya mtu huyu. Nilimkazia macho, akaenda kukagua tangi la maji, na tangi lilikuwa limejaa.

Sikulala kwa amani, na hasira haikutoka. Nilitaka itoke, ikakataa. Ilikuwa imehama tu, kutoka kwa yule binti kwenda kwa mwanangu, kwa ile studio, kwa aliyemwacha mtoto sokoni, kwangu. Asubuhi, nikichambua majani ya sukuma wiki, wazo likaja.

Kwetu si kila jina ni la mfu. Mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua ana jina lake, wa palizi ana lake, wa mavuno lake, wa njaa lake. Ni jina la msimu. Nikamwendea nikamwambia: acha la katuni likae mbele, sitaligusa tena. Katikati weka la mvua, kwa maana alizaliwa mvua ikishika. Halimrudishi mtu. Linataja tu mvua.

Uso wake ulifunguka. "Kumbe kuna hiyo! Si mngeniambia mapema, aki." Akamwinamia mtoto, akamwita kwa jina hilo. Akaliita tena, polepole, akilionja.

Lilikuwa jina la mama yangu. Mama naye alizaliwa mvua ikinyesha.

Mwanangu, aliyekuwa mezani na mkate wake, aliacha kutafuna. Alinitazama, halafu akatazama simu yake. Dada yangu nilipompigia alipiga makofi mpaka nikayasikia. "Umeweza! Sasa funga huo mdomo, hapo ulipo. Nakujua."

Nilifua nepi. Nikazianika, zikanyeshewa, nikazianua. Nilijiambia sikusema uongo, jina ni la mvua kweli, na mtoto ni wa mvua kweli. Ningeweza kusimama nalo kanisani. Lakini huyu mtu aliniomba kitu kimoja, kusiwe na mfu, na mimi nilikuwa nimempitishia wangu chini ya kanga. Mama yangu hakuwahi kuingia nyumba ya mtu kwa mlango wa nyuma. Nilimkasirikia hata yeye kwa hilo.

Nikaingia nikamwambia. "Hilo jina lilikuwa la mama yangu. Nililijua hilo nilipokutajia."

Akamgeukia mumewe. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua lakini..."

"Kwa hiyo mmenizunguka wawili."

"Si ungenyamaza tu, mama," mwanangu akaniambia.

"Wewe ndiye unyamaze," mkewe akamwambia, na mimi ningesema hivyohivyo kama angenipa nafasi. Kisha akanigeukia. "Alikuwa mtu wa aina gani, mama yako?"

Ningeweza kumpamba. "Mkali," nikasema. "Aliamka kabla ya watu wote na akakasirika kabla ya watu wote. Mtoto wa mtu hakulala njaa akiwa karibu naye. Wewe angekupenda, lakini baada ya mwaka hivi, si kabla."

Alicheka kidogo, puani. Nilidhani hapo ndipo mambo yatageuka, na nilijidharau kwa kudhani hivyo.

"Asante kwa kuniambia," akasema. "Lakini hapana, mama."

"Ni haki yako," nikasema, na ni haki yake, na nilisema kwa sauti ambayo ingekatisha maziwa.

Akanipatia mtoto nimshike, akachukua simu. Nilimwona akiandika jina la kwanza. Pale katikati akaruka. Akaandika la baba. Kabla ya kutuma akanigeuzia kioo cha simu, kwa kuwa yeye alikuwa bado hajalala vizuri na aliogopa kukosea.

"Nisomee mama, uone kama kila kitu ni sawa."

Nilivaa miwani. Nilisoma herufi moja moja, la kwanza na la mwisho, kwa sababu jina la mtoto likikosewa kwenye cheti linaweza kumsumbua mpaka uzeeni. Zilikuwa sawa zote. Nikamwambia ni sawa, atume.