Vifataki vya Jirani

Jirani yetu hatupi kitu. Vibomba vya karatasi ya chooni huvikusanya tangu Septemba, na Desemba huvigeuza vifataki vya Krismasi, vile vya kuvutwa na watu wawili mezani. Huvizungushia magazeti ya zamani, akakaza ncha kwa uzi wa sufu. Ndani hutia kofia ya karatasi, pipi na kikaratasi cha mzaha. Baruti hatii; anayevuta hujilizia “paa” kwa mdomo. Anapoandika vikaratasi hivyo, kalamu huikandamiza hadi alama za maandishi zikabaki kwenye ubao wa meza yake. Ndivyo nilivyosoma mwaka huu, nilipokaa kwenye meza hiyo: “Emrys mwanangu, nisamehe niliyokwambia kwenye mazishi ya baba yako.” Sijawahi kumsikia akimwomba mtu radhi.

Siku ya Krismasi alitukaribisha chakula, akakiweka kifataki chenye kikaratasi hicho kwenye sahani ya Emrys, naye akakivuta na dada yake.

“Paa,” akasema Emrys. “Mama na takataka zake.”

Akakunjua kikaratasi, akakisoma kimoyomoyo.

“Soma bwana, kila mtu husoma,” dada yake akamwambia.

Emrys akakitia mfukoni, akabuni mzaha wake mwenyewe:

“Bata mzinga kakaribishwa chakula cha Krismasi. Kasema asanteni, nimeshajazwa vitunguu.”

Tukaguna wote, kama ilivyo desturi kwa mizaha ya vifataki. Jirani akainuka kwenda kuleta mchuzi, na mchuzi ulikuwa mezani.