Ngwara na Mnavu kwa Morani

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka mpaka leo kama vile mawe yale bado yako begani kwangu. Sogea ukae vizuri. Mimi sikusoma, hata jina langu likiandikwa ukutani nalipita bila kulisalimia, lakini kusema najua. Nikitia chumvi unisamehe, ni ugonjwa wangu wa zamani.

Wakati huo Mjerumani alikuwa anajenga boma lake hapa Arusha. Ng'ombe wetu walikuwa wameshakwisha. Wengine ugonjwa wa sotoka uliwamaliza, waliobaki askari wakawaswaga. Sisi vijana tukaambiwa tukabebe mawe. Mimi nilikuwa morani, na nguvu nilikuwa nazo, mwanangu! Nikipiga chafya huku, kule Nduruma watu wanafunga milango. Rafiki yangu Lembris alinizidi. Yule alikuwa mrefu mpaka akisimama, Mlima Meru unaona haya. Tulitahiriwa pamoja, na tulikuwa tunakula pamoja, maana ndiyo ilikuwa sheria: morani hali peke yake, lazima awe na mwenzake wa rika, na hali chakula ambacho macho ya mwanamke yamekiona. Tena chakula chenyewe nyama na maziwa. Majani tuliwaachia mbuzi.

Sasa nyama iko wapi? Maziwa yako wapi? Asubuhi mawe, mchana mawe, na ukikaa chini upumue, kiboko. Tumbo langu lilikuwa linalia mpaka askari anageuka kutazama nani anamwita. Lembris alikuwa amebaki mbavu na kiburi.

Mchana mmoja akatokea koko, bibi yangu mzaa baba, na fimbo yake. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya mto tu. Macho yalikuwa yamekufa zamani, njia alikuwa anaijua kwa miguu. Kwenye kapu alikuwa na ngwara, yale maharage meusi ya kwetu. Alikuwa ameyachemsha, akamwaga maji ya kwanza yenye uchungu, akachemsha tena na magadi mpaka yakalainika, akayaacha yapoe. Halafu mnavu na majani ya kunde, ameyachemsha kidogo, akayakamua, akachanganya yote na vitunguu vibichi ndani ya jani la mgomba. Siku hizi wajukuu zangu wananiambia hiyo ni saladi. Sisi tuliita aibu.

"Kuleni," akasema.

Lembris akacheka, kicheko kikavu. "Koko, umekosea zizi. Mbuzi wako upande ule."

"Mbuzi nimewasikia. Wawili wako hapa mbele yangu, wanalia njaa."

"Chakula hicho macho yako yamekiona. Sili."

"Macho gani, Lembris? Haya? Wewe hujaota meno, haya yalikuwa hayaoni hata jua!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Koko akanigeukia.

"Na wewe unayecheka. Babu yako nilimzika kwenye njaa, mama yako nikamzika kwenye njaa. Sina tena nguvu ya kuchimba. Kaa chini."

Kicheko kikanikauka. Nikakaa, nikamwita Lembris. "Ndugu yangu, njoo. Siwezi kula peke yangu."

"Basi usile. Ukila hayo, wewe si wa rika langu."

Koko akajikunja pole pole, akakaa karibu yangu, akatia mkono kwenye jani. "Leo mwenzake ni mimi," akasema. "Nitafutieni mkuki."

Nikala, mwanangu. Uchungu kidogo wa mnavu, halafu ule utamu mzito wa ngwara, na vitunguu vinakukumbusha kwamba bado una pua. Tumbo likanyamaza. Lembris alisimama ametupa mgongo mpaka tukamaliza.

Koko akawa anakuja kila siku, na kila siku anamwachia Lembris fungu lake. Lembris anawamwagia kunguru. Mimi nikaanza kubeba jiwe langu na nusu ya lake, ili askari asione. Nilimbembeleza, nikamtukana, nikamtania kwamba kunguru wale watakuwa morani kabla yake.

Basi siku moja, pale kwenye mwinuko, magoti yakamkataa. Hakupigwa na mtu. Alikaa tu chini kama mtoto. Nikambeba kumvusha mto mpaka kwa koko, na hapa sitii chumvi hata chembe, alikuwa mwepesi kama ngozi kavu. Koko akaponda ngwara na mnavu kwa vidole, akamsogezea mdomoni mbele ya wanawake wote wa kwetu. Lembris akafungua mdomo. Akatafuna.

"Kumbe ni tamu," akasema.

Tonge la pili likarudi. Tumbo lilikuwa limesahau kazi yake. Kesho yake hakuamka. Boma la Mjerumani likaisha kujengwa, lipo mpaka leo, watu wanasema ni zuri.

Sasa nisikilize. Ukiwekewa kunde na majani, kula, tena jaza sahani, uvifanye ndio mlo wenyewe. Ngwara maji ya kwanza mwaga. Majani usiyapike mpaka yakafa. Acha vipoe, uchanganye, ushibe. Na ukimwona mwenzako anakataa chakula kwa sababu ya macho ya watu, usimwonee haya, mng'ang'anie mapema. Mimi maneno nilimpa, lakini kumlisha kwa mkono nilimwonea haya mno.

Njoo nikutemee mate kifuani, kama wazee wetu walivyotubariki. Engai, Mungu wetu, akupe tumbo lisilo na kiburi. Shamba lako lisikose kijani, na usile peke yako mpaka uzeeke. Nenda, mwanangu, nenda salama.