Sawasawa na Mabanda Mawili ya Kuku

Haya hatayaamini mtu, na asiyeamini asijisumbue. Shahidi yupo, anapepeta mchele jikoni, na mwandishi ni mdogo wake wa tumbo moja, mwanamume aliyeacha shule mapema kwa kuwahurumia walimu.

Dada mtu huitwa Sawasawa. Aliwalea wadogo zake kwa kuwagawia yai la kuchemsha alilolikata kwa uzi, na ole wako uguse kipande cha mwenzio. Ukubwani akapata kazi ya kulisha kuku kwenye kituo cha utafiti, mabanda mawili yanayotazamana. Mtafiti, binti mpole mwenye miwani, akamwelekeza:

"Mama, kuku wote tumewaambukiza kideri. Banda la kushoto wanywe maji yenye dawa yangu mpya. La kulia, maji matupu."

"Na hao wa kulia wamekosa nini?"

"Hawajakosa kitu. Ndio wa kulinganishia. Wakifa hawa, wale wakapona, tutajua dawa ndiyo iliyowaponya."

"Nimekuelewa, mwanangu."

Na kweli alielewa, tusimsingizie. Ila kichwa kilielewa peke yake. Mikono bado ilikuwa ya uzi na yai. Banda la kulia walipoanza kuzubaa, shingo zimepinda, akatazama huku, akatazama kule, akachota maji ya dawa akawamiminia na wao. Kila asubuhi hivyo hivyo, kwa moyo mweupe.

Wakapona wote. Mtafiti akasimama katikati ya mabanda, miwani mkononi.

"Hata wasiokunywa dawa wamepona," akasema. "Basi ugonjwa wenyewe ulikuwa dhaifu. Dawa yangu haijasaidia chochote."

Sawasawa akafungua mdomo. Akaona aibu, akaufumba, akaendelea kufagia.

Utafiti ukafungwa, chupa zikamwagwa kwenye mfereji wa maji machafu. Mwaka uliofuata kideri kikaingia mtaani, kikazoa kuku wa kila nyumba. Banda la Sawasawa likabaki manyoya. Jirani yake mjane, aliyekuwa akisomesha wanawe kwa kuuza mayai, alikaa kizingitini siku nzima, kitambaa kichwani. Sawasawa alimwangalia kupitia dirisha. Kesho yake akavaa viatu vya kutokea, akaenda kituoni kumwambia mtafiti ukweli, ili kazi ianzwe upya.

Na hapa ndipo patamu! Mtafiti akamrukia shingoni kwa furaha, dawa ikatengenezwa usiku ule ule, wakubwa wakamrudisha dada nyumbani kwa gari jeusi lenye mapazia ya—

"Gari gani, we mwongo?" Sawasawa yuko nyuma ya kiti cha mwandishi, ungo mkononi, anasoma juu ya bega. "Nilikwenda kwa miguu, nikakuta kufuli. Mlinzi hajui hata mtafiti alikohamia. Andika hivyo. Na mtoto wa watu mpaka leo anadhani dawa yake ilikuwa maji tu."