Saini Nyuma ya Picha

Nilikuwa nimetimiza miaka arobaini na mbili wakati mwimbaji ambaye mama alinilea nikijua kuwa ni baba yangu alipopooza. Nilisikia redioni. Kesho yake nilikwenda kwake Ilala. Mwanawe mkubwa alinipokea barazani, akanisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema mimi ni wa nne kuja na habari hiyo. Kipimo cha damu familia haikutaka hata kukisikia. Akaniambia nikiwa na maandishi yoyote ya mkono wa baba yake niyalete, ila niyahakikishe kwanza, kwa sababu saini za mzee zinaghushiwa mjini kama jezi.

Maandishi nilikuwa nayo. Picha yake amevaa suti nyeupe, na nyuma yake, kwa wino wa bluu: "Kwa binti yangu," halafu saini. Nilipokuwa shule ya msingi niliiga saini ile kwenye majalada ya madaftari yangu yote. Sikuwahi kuitilia shaka.

Mtu wa kunisaidia alikuwa mzee mmoja Mhindi mwenye duka la redio Kariakoo, mtaa wa nyuma ya soko. Zamani ndiye aliyeuza santuri za bendi ya yule mwimbaji, naye mwenyewe alikuwa akija kuzitia saini palepale kaunta. Nilimwamkia, nikamweleza yote, hata ambayo hakuuliza. Akateremsha maganda sita ya santuri kutoka juu ya kabati, akayafuta vumbi, akaiweka picha yangu katikati.

Alitazama kwa lenzi muda mrefu. Akanieleza kwamba yule bwana aliandika kwa mkono wa kushoto, tena upesi, bila kunyanyua kalamu. Akanipa lenzi nione mwenyewe. Kwenye maganda mstari ulipita kama uzi. Kwenye picha yangu ulisimama mara tatu, na kila uliposimama wino uliacha kitone.

"Mama, hii haikuandikwa," alisema. "Imechorwa."

Nilimwambia labda alikuwa mgonjwa siku hiyo. Labda alikuwa amelewa, au ameandikia gotini. Mzee wa watu akarudia kutazama, nadhani kwa kunihurumia, akatikisa kichwa. Ndipo nikafanya jambo ninaloliona aibu mpaka leo: nilimsihi aniandikie barua kuwa saini ni halali. Nilimshika mkono mbele ya wateja wake. Aliniagizia chai, akasema hawezi, kwa kuwa yule mgonjwa alikuwa rafiki yake.

Chai sikuinywa. Nilikwenda moja kwa moja Buguruni kwa mama. Nilimkuta chumbani anachambua mchele. Nikaiweka picha kwenye ungo, upande wa maandishi juu. Hakuuliza nimetoka wapi.

"Nilimwomba aandike," alisema baadaye. "Akasema ataandika siku nyingine. Ulikuwa na miezi saba, hajakuona. Nikaandika mimi."

Nilimuuliza kama basi na ubaba wenyewe aliutunga. Aliapa kwa Mungu kwamba ule ni kweli. Nilimwamini, na bado namwamini, lakini siku ile ningeona heri aniambie ni uongo, nijue pa kuanzia. Aliendelea kuchambua mchele huku machozi yakimdondoka. Sikumfuta.

Ilala sikurudi na ile picha. Ningempa nini yule mwanawe?

Mwimbaji alifariki baada ya wiki tatu. Nilikwenda msibani, nikakaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wa jirani, sauti yake ikisikika kutoka kwenye simu ya mtu nje. Bibi aliyeketi karibu nami aliniona nalia kupita kiasi. Akanishika bega, akaniuliza mimi ni nani kwa marehemu.

Nikamwambia nilikuwa nikizipenda nyimbo zake.