Nguzo Ndefu Kuliko Zote

Miaka ile biashara ya mazao ilipokuwa ruksa, walanguzi walikuja Haneti na malori yao, wakanunua uwele kwa bei waliyojipangia wenyewe. Mimi nilikuwa bibi shamba mpya, nimetoka chuoni kichwa kimejaa. Nikaona dawa ni moja: wakulima wajue takwimu zao. Wakijua kijiji kizima kimevuna kiasi gani watauza kwa pamoja, na mlanguzi atakuja kwa adabu.

Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo nikabuni darasa la ukutani. Kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji tulichora kwa mkaa, kila kaya nguzo yake, kila gunia tofali moja juu ya jingine. Majina sikuyataka. Chini ya nguzo kila mtu alichora alama yake: jembe, kinu, kuku. Nilijisifu kwamba nimewatunzia siri, kana kwamba kuna mtu Haneti ambaye hakumwona jirani yake akichora.

Mjane mmoja aliyelima na binti zake hakutaka.

"Bibi shamba, kwetu chakula kilicho ndani hakitajwi," aliniambia. "Ukiulizwa unasema, kidogo tu."

"Ndiyo maana wanawapunja, mama," nilimjibu, na darasa likacheka. Niliona raha walivyocheka. Mama wa watu akachukua mkaa, akachora chungu, akaanza kupanga matofali yake. Nguzo yake ikawa ndefu kuliko zote. Nikaagiza apigiwe makofi.

Msimu ule bei ilipanda kweli. Aliuza sehemu, nyingine akaiweka akiba, nami nikatembea kifua mbele.

Mwaka uliofuata mvua ilikatika uwele ukiwa bado mfupi. Watu wakaanza kuhemea, wakipita na vikapu kwa ndugu na jirani kuomba nafaka, kama ilivyo desturi ya Ugogo wakati wa njaa. Desturi hiyo ina upande ambao chuoni sikufundishwa: anayejulikana kuwa nacho hawezi kumrudisha mtu mikono mitupu. Lile neno "kidogo tu" ndilo lililokuwa mlango wa kila ghala. Wa kwake niliung'oa mimi, tena kwa makofi.

Walimwendea karibu kijiji kizima, na wa vijiji vya jirani waliosikia habari za ukuta. Nilimkuta akikung'uta kilindo, lile ghala lao la magome, nikamuuliza kama mbegu zimebaki.

"Mbegu nazo nimewapimia," alisema. "Ningewaambia nini? Tulihesabu wote."

 Nilirudi ofisini nikaupaka ukuta chokaa kwa mikono yangu, kazi bure, maana kila mtu alishausoma.

Kabla mvua mpya hazijaanza, alinifuata mjini, mtaa wa Kikuyu, nilikopanga. Nilimwamkia, nikampa maji. Tukaongea kwanza habari za binti zake. Kisha akakivuta kikapu miguuni pake.

"Nimekuja kuhemea, mwanangu. Kwako kuna chochote?"

Chumbani nilikuwa na gunia la mahindi lililoletwa kutoka kwetu, halijafunguliwa, na jingine lililoanza kutumika. Kama kuna mtu duniani aliyestahili gunia lile zima, ni yeye. Nilijua hivyo alipokuwa bado anazungumza. Lakini mvua zilikuwa hazijanyesha, na mimi pia nilikuwa na watoto.

"Kidogo tu, mama," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa bila kinyongo, kama mtu aliyejibiwa salamu. Nikachukua kikapu chake, nikaingia chumbani kumpimia, na mlango nikaufunga nyuma yangu.