Nilitaka nyumba inyamaze ili sungura wetu atulie, avenue nzima ikaanza kufunga mizigo

Wakuu, nawasalimia kutoka Goma, mtaa wa Mabanga.

Uzi huu ni mrefu kidogo na hauna chai hata kijiko. Yote yalitokea mbele ya macho yangu, na sehemu kubwa niliyasababisha mwenyewe. Kiswahili chetu cha huku kina Kifaransa ndani, mtanivumilia.

Kwanza mnijue. Mimi ni kijana, natengeneza simu kwenye kibanda kidogo hapa mtaani. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa video tu. Na ni mtu wa wasiwasi, sifichi. Nikifungua simu ya mteja, skrubu zote nazipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio zilivyotoka. Nikimaliza nafungua tena kuona kama nilifunga vizuri. Wateja wanadhani ni ufundi, kumbe ni hofu.

Sasa kwenye jambo lenyewe.

Vita viliposogea upande wa Rutshuru, mama mudogo, yaani mdogo wake mama yangu, alifika kwetu na watoto wake. Alikuja nyuma ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Juu ya chukudu kulikuwa na godoro lake, nguo ndani ya shuka, na marmite moja kubwa ya kupikia yenye mfuniko uliofungwa kwa kamba.

Tulifurahi kuona marmite. Muzee wangu, yaani baba, alisema, "Eh, shemeji, hata mu vita unatuletea mboga!"

Mama mudogo akafungua kamba. Ndani alikuwa amekaa sungura wa kijivu, masikio yamelala mgongoni, anatuangalia mmoja mmoja kama anaita majina.

Jina lake Prefe. Mama mudogo alisema anamtazama mtu vile vile préfet, mkuu wa shule, anavyotazama mwanafunzi aliyechelewa. Kweli kabisa. Mimi mwenyewe nilijikuta nachomekea shati.

Hapa wakuu nieleze kitu. Kwetu sungura ni nyama. Anafugwa, ananona, anapikwa. Lakini huyu alikuwa na habari nyingine. Mume wa mama mudogo alibaki nyuma kuangalia mbuzi na shamba la maharage. Walipoachana barabarani alimpa mkewe huyo sungura mikononi, akamwambia, "Unitunzie, nitamukuta kwako." Tangu siku hiyo simu yake haipatikani, réseau ya kule imekatwa.

Kwa hiyo mama mudogo hakuwa anaongea sana. Alikuwa anakaa tu karibu na ile marmite.

Nikasema moyoni, huyu sungura hafi. Hafi mikononi mwangu. Nikachukua simu nikaanza research.

Na hapo ndipo nilipoharibu.

Niliyosoma yalisema sungura mgeni anahitaji chumba chake peke yake. Sisi tulikuwa familia mbili ndani ya vyumba viwili na sebule. Ikasema asisikie kelele kubwa. Wakati nasoma hivyo, mabomu yalikuwa yanalia milimani na vioo vya dirisha vinatetemeka. Ikasema asionane na watu wengi kwa wakati mmoja. Nikainua macho, watoto wote walikuwa wamezunguka marmite wanamvuta masharubu.

Mtu mwenye akili angefunga simu. Mimi nikaandika sheria.

Nilitafuta carton safi, nikamweka Prefe kwenye kona ya chumba cha wageni, ukuta upande mmoja na godoro la mama mudogo upande mwingine. Nikapima carton iwe sawa na ukuta. Nikaandika kwenye karatasi SILENCE SVP, yaani kimya tafadhali, nikabandika mlangoni. Nikaona herufi zimepinda, nikaandika nyingine.

Kuanzia hapo, kuongea ni kwa kunong'ona. Viatu mlangoni. Sufuria zifunikwe polepole. Na godoro la mama mudogo, ambalo asubuhi kwa kawaida huinuliwa na kuegemezwa ukutani ili watu wapate pa kukaa, nikakataza lisiguswe. Lile godoro ni la kijijini, magunia yaliyoshonwa pamoja na kujazwa majani makavu. Ukiliinua linapiga kelele kama mtu anapita kwenye pori. Nikasema Prefe atapata stress.

Mama yangu akavua viatu akaviweka mlangoni. Muzee ndiye alisema.

"Mutoto wangu, mu nyumba yangu mwenyewe niombe ruhusa ya kukohoa?"

"Papa, kohoa tu, lakini pole pole."

Akatoka nje kukohoa. Naapa. Muzee mzima alikuwa anasimama barazani anakohoa, halafu anarudi ndani kwa vidole.

Tatizo ni kwamba Prefe hakuwa anakula.

Nilimpa kabichi, akainusa. Nikampa karoti niliyoikwangua na kuikata vipande vinavyolingana, akaigeuzia mgongo. Majani ya matembele niliyaosha mpaka yakawa yanadondosha maji, akayakanyaga. Mtoto mmoja akamjaribishia wali, akamtazama mtoto yule kama amekosa heshima.

Na hakuwa anapata choo pia. Wakuu, wafugaji mtanielewa. Sungura asipokula na asipotoa choo, siku moja tu inatosha kumuua, tumbo linasimama. Nililala chini nikaweka sikio kwenye tumbo lake kusikiliza kama linanguruma. Nikasikia moyo wangu mwenyewe. Nikamwambia kila mtu azidi kunyamaza.

Kila nilipochungulia carton kutafuta choo, hali ni ile ile. Safi. Carton ilikuwa safi kuliko kibanda changu cha kazi. Hapo ningepaswa kujiuliza swali, lakini mtu mwenye hofu hajiulizi maswali, anafagia tu.

Jumamosi muzee alitoa hukumu. Na sitaki mumwone mbaya. Alikuwa na aibu yake moyoni. Kwetu mgeni akifika unamchinjia kitu, na yeye tangu shemeji afike hakuwa amempa hata mfupa, barabara zimefungwa na bei ya nyama imepanda.

Akasema, "Kesho kisha misa. Kama angali hajakula, tunamuchinja, wageni wale vizuri. Nyama ya kufa yenyewe, mimi sikule, na hapa hakuna mutu ataikula. Itakuwa hasara mara mbili."

Nilimgeukia mama mudogo, nikitaka aseme hapana. Hakusema. Mgeni hawezi kumkatalia mwenye nyumba kuchinja, tena mgeni ndiye anachinjiwa. Alisema tu, "Asante, shemeji," akarudi kukaa kwenye godoro lake. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kushika.

Nikaenda kumkwangulia Prefe karoti nyingine.

Mchana huo huo wakaja watu wa shirika, yaani ile jumuiya ndogo ya kanisa ya mtaa wetu, kuwaombea wakimbizi waliofika kwetu. Sisi wakatoliki wa hapa tukiomba tunaimba, na tukiimba ng'ambo ya ziwa inasikia. Nikawasubiri mlangoni, nikawaomba waimbe kwa sauti ndogo.

Baba kiongozi aliuliza, "Kuna mugonjwa?"

Nikasema ndiyo. Sikusema ni nani.

Basi wakuu, sebule ikajaa watu wanaoimba kwa kunong'ona. Ngoma walikuwa wanaigusa kwa ncha za vidole. Mama mmoja mwenye sauti kubwa sana alikuwa analia machozi kwa kujizuia. Walipofika mahali pa kutakiana amani wakapeana mikono kama wezi wanaoagana. Kisha wakatoka mmoja mmoja, bila neno, wakiwa wameshika viatu mkononi.

Nilijisikia fahari. Nilidhani nimeweza.

Kumbe avenue nzima, yaani barabara yetu yote, ilikuwa inatuangalia.

Naomba muelewe jambo la Goma. Hapa mabomu yakilia, mtu anaendelea kukaanga mandazi. Bomu unalijua liko upande gani, unalipima kwa sikio. Kitu kinachotutoa roho ni kimya. Mtaa ukinyamaza ghafla, maana yake kuna watu wanajua jambo na wewe hujui.

Na nyumba yetu ilikuwa imenyamaza tangu wageni kutoka Rutshuru waingie. Muzee anatoka nje kukohoa. Shirika linaomba kwa kunong'ona. Watu wanatoka na viatu mkononi.

Jumapili asubuhi, tukijiandaa kwa misa, jirani yetu Mama Zawadi akaja kwenye ukuta wa ua. Alikuwa amefunga kitenge kiunoni kwa nguvu, vile wanawake wanavyofunga wakitaka kusafiri.

"Weye, usinifiche. Mumesikia nini?"

"Hatujasikia kitu, mama."

"Sasa juu ya nini muko munaomba Mungu na sauti ya mwizi?"

"Ni sungura tu, mama. Hapendi kelele."

Akakaza tena kile kitenge. Halafu akasema, "Ni sawa. Mungu anakuona," akaondoka.

Baada ya kitambo kidogo nikasikia chukudu yake inavutwa kutoka uani. Kisha nyingine. Kisha mtu anagongelea sanduku misumari. Nilipotoka kuangalia, avenue ilikuwa imejaa magodoro, mabeseni, kuku waliofungwa miguu. Nikamwuliza mzee mmoja wanakimbia nini.

Akanijibu, "Hata weye unaniuliza? Si ni kwenu habari ilitoka?"

Nikarudi ndani mbio kumwambia muzee. Lakini yeye alishaona kupitia dirishani, na aliona kama mtu yeyote wa Goma angeona. Majirani wanakimbia, basi kuna sababu. Nikapiga kelele, "Papa, ni mimi! Ni sababu ya sungura!" Hakuna aliyenisikiliza. Yeye na mama wakaingia chumba cha wageni kuchukua godoro.

Nikawahi carton nimwokoe Prefe.

Carton ilikuwa tupu. Upande ule wa godoro kulikuwa na tundu la duara, limetafunwa vizuri kuliko ningekata kwa mkasi.

Mama mudogo aliliona tundu wakati mmoja na mimi. Hakulia. Alisema tu kwa sauti ndogo, "Nitamwambia nini?" Nilijua anamsema mumewe.

Wakati huo muzee ameshainua godoro upande mmoja.

Likapasuka kwa chini. Kwanza zikamwagika punje ndogo za duara, nyingi, zikibingirika kwenye saruji mpaka chini ya kabati. Mama mudogo akapiga ukelele ambao sijawahi kusikia mtu mkimya akiupiga.

"Maharage yangu!"

Akajitupa chini akaanza kuzoa kwa mikono yote miwili. Sisi tumesimama tu. Akazoa, akazoa, kisha akaleta kiganja karibu na macho.

Ilikuwa mavi ya sungura.

Na kutoka kwenye mpasuko wa godoro kikatokea kichwa cha Prefe. Jani kavu linaning'inia mdomoni, anatafuna bila haraka, anatuangalia kana kwamba tumechelewa.

Wakuu, hakuwa mgonjwa hata kidogo. Alikuwa anaingia ndani ya godoro, anakula majani yaleyale makavu ya kwao, anapata choo humo humo, halafu anarudi kwenye carton kutushangaa. Ndiyo maana carton ilikuwa safi. Na mimi ndiye nilikataza godoro lisiinuliwe.

"Mama mudogo," nikauliza, "maharage gani?"

Akakaa chini palepale akaficha uso. Akatuambia kwamba alikuwa anasikia vitu vya mviringo chini ya mgongo akilala. Akaamini mumewe alificha mbegu ndani ya godoro, ili wakirudi wapate za kupanda. Alifurahi peke yake, akanyamaza. Tena alikuwa na haya, maana sisi tunamlisha na yeye amelalia maharage ya siri.

"Nilikuwa nayashukuru," akasema. "Kila nikilala nayashukuru."

Muzee alijaribu kubaki muzee. Akakaza mdomo, mabega yakaanza kutikisika. Kisha akaachia, kicheko cha siku zote zile alizokohoa nje. Mama akafuata. Halafu mama mudogo mwenyewe, amekaa katikati ya mavi, anacheka na machozi yanatoka, na sikujua ni machozi ya upande gani.

Kicheko kile kilifika barabarani. Mama Zawadi akachungulia mlangoni, mtoto mgongoni na beseni kichwani. Tukamwonyesha. Aliangalia godoro, akamwangalia Prefe, akaniangalia mimi.

"Kumbe kweli ni sungura," akasema. Kisha akageuka akapaza sauti avenue nzima isikie. "Mushushe vitu! Ni lapin! Hawa batu ni wapumbavu tu!"

Sijawahi kutukanwa nikasikia raha kiasi kile.

Prefe hakuchinjwa. Muzee alisema hukumu yake ilikuwa kama hajala, na mnyama amekula kitanda kizima. Wageni walikula samaki wadogo wa ziwani, na siku hizi muzee akiamka, kabla hajasalimia mtu, anauliza, "Ametoa?"

Funzo langu ni hili. Sungura mgeni mpe majani makavu kwanza, mengi, muda wote. Karoti na kabichi ni kidogo tu, na majani mabichi yanyauke kwanza, usimpe yanayodondosha maji. Chunguza choo chake, na ukichunguza tafuta kila mahali. Na kelele za watu wanaoishi hazimuui. Sasa anakaa sebuleni katikati ya watoto, redio inalia, na amenona.

La pili linanihusu mimi. Nilisoma habari zote kuhusu sungura, nikasahau kumwuliza mama mudogo Prefe alikuwa anakula nini kwao. Niliogopa kumkumbusha nyumbani. Kumbe sasa anapenda kuhadithia, na hadithi zote zinaanza na mumewe anavyokata majani na kuyaanika juu ya paa.

Karibuni mchangie, hata wa kunicheka mje. Ila mwenye kujua mahali pa kupata majani makavu hapa Goma aniandikie haraka. Mji huu ni mawe ya volkano matupu, barabara ya Rutshuru bado imefungwa, na mama mudogo amekataa tusimfungie Prefe. Anasema ale tu, mumewe akija atashona godoro lingine. Kwa sasa mabega yake yanalala kwenye godoro, miguu inalala kwenye saruji.