Pumzi Kwenye Mpira

Wacha niseme mapema: hii hadithi inanionyesha mjinga. Mnaotaka kucheka, chekeni tu, darasa zima lilishacheka kabla yenu.

Hata leo nikipita duka la vyombo pale Voi, ile harufu ya plastiki mpya ikinipiga puani, narudi darasa la nne. Baba alikuwa mtu wa reli. Siku moja akatoka Mombasa na mpira wa rangi rangi, ule wa kupulizwa kwa mdomo. Akakaa mlangoni akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Baba Mwakio, utapasuka wewe kabla ya huo mpira!" Mama akamwambia. Baba akaangua kicheko, pumzi ikatoka yote, akaanza upya.

Mwaka haukuisha, malaria ikamchukua. Tukamzika kwao Sagalla. Mpira ukabaki juu ya kabati, umejaa vilevile. Watu walisema Baba ameenda, mimi nawaangalia tu. Mbona pumzi yake iko pale, imefungwa na kizibo? Sikuwahi kuupiga teke. Jioni nilikuwa naushusha, naulalia shavu, kisha naurudisha.

Sasa Mwalimu Mghoi. Sayansi yake ilikuwa ya Kizungu, lakini akiona macho yetu yamelala alirudi Kiswahili. Akatufundisha kwamba hewa hujaza nafasi, akasema kesho kila mtu alete kitu chenye hewa ndani. Wenzangu wakaja na mifuko ya nailoni. Mimi na maringo yangu nikaja na mpira.

"Zenu ni hewa," nikawaambia. "Hii ni pumzi."

"Mwakio, kwa sayansi tunasema hewa," Mwalimu akanirekebisha. "Andika pumzi kwa mtihani uone kama hujapata kosa."

Akaweka beseni la maji mezani, na vile maji yalikuwa shida, tulijua baadaye yataenda kwa miche ya sukuma wiki. Akauchukua mpira wangu, akauzamisha, akang'oa kizibo. Mapovu yakapanda mbio, bu-bu-bu-bu. Darasa likapiga makofi.

"Mwalimu, funga! Ni ya Baba!"

"Tulia, mpira wa babako hauharibiki."

Hakunielewa. Nikaruka, nikatumbukiza uso mzima kwa beseni, mdomo wazi, nikayameza yale mapovu. Nilichopata ni maji. Nikakohoa mpaka kamasi.

"Mwakio ana kiu, jamani!" Kilonzo akapiga kelele, watu wakalala kwa madawati wakicheka.

Nilipoinua kichwa, mpira ulikuwa umelala mkononi mwa Mwalimu kama soksi. Akaupeleka mdomoni aujaze.

"Wacha, Mwalimu," nikasema. "Hiyo itakuwa yako."

Akanitazama. Akaushusha pole pole, akaukunja, akauweka mfukoni mwa shati langu. Siku hiyo hatukuendelea na sayansi.

Nyumbani nilisema umetobolewa na mwiba. Mama alikaa tu ameushika. Juzi, mtu mzima sasa, nikamsimulia ukweli, na ile sehemu ya beseni nikaiigiza vizuri ili acheke. Hakucheka.

"Mwanangu," akasema, "mpira wa plastiki hukaa na hewa miezi yote hiyo? Ulikuwa ukinywea, naujaza wewe ukiwa shule. Lakini kila nikivuta pumzi nilikuwa nabana kile kidomo na meno isitoke, naongeza tu juu ya ile yake. Ya kwake sikuitoa hata kidogo."